Siku Kumi za Kwenda Kutembea Tu

Kwetu Rondo mtu haondoki bila sababu. Anakwenda Nyangao hospitali, anakwenda Lindi mahakamani, anakwenda Mtwara msibani, anakwenda Dar kumfuata mtoto. Ukisema unakwenda "kutembea", watu wanaelewa kwamba kuna ndugu umemlenga na una kuku kwenye kikapu. Kwa hiyo nilipomwambia mama mkwe kwamba mimi na mwanawe tunapanga kwenda Malawi likizo ya Juni, swali lake la kwanza lilikuwa, "Nani amefariki?"

Nikamwambia hakuna. Akauliza nani anaumwa. Nikamwambia mama, sote wazima, tunakwenda kutembea tu, siku kumi, tunarudi. Akanyamaza, akaendelea kubangua korosho zake. Jioni alimwita mwanawe pembeni akamuuliza kama tunakwenda kwa mganga.

Tumeoana miaka tisa na hatuna mtoto, na watu wa namna yetu kila safari yao ina msomaji wake. Tukienda Lindi, ni daktari. Tukienda Masasi, ni maombi. Tukikaa nyumbani, tumekata tamaa. Nilichotaka mimi, na ndicho kilichoanzisha yote haya, ni kwenda mahali ambapo hakuna mtu aliyetuandalia sababu.

Nyie mnaosoma hapa mnajua jinsi neno letu "safari" lilivyochukuliwa na Wazungu, likavalishwa kofia pana na kupewa darubini ya kutazamia simba. Limerudi kwetu likiwa na bei. Lakini Waswahili walikuwa na maandishi yao ya safari kabla ya hapo. Mwaka 1901 Mjerumani Carl Velten alichapisha Safari za Wasuaheli, habari za watu wa pwani waliokwenda bara na kwingineko. Ninayempenda humo ni Salim bin Abakari, Mngazija, ambaye mwaka 1896 alifika Urusi mpaka Siberia. Siberia, jamani! Huwa nawasimulia wanafunzi wangu wa kidato cha pili, wanadhani natunga.

Ila ukimsoma vizuri, Salim hakupanga siku ya kuondoka. Alikwenda na bwana wake wa Kijerumani. Bwana akisema tunalala hapa, wanalala. Akisema tunavuka, wanavuka. Ndivyo walivyosafiri wengi wa watu wetu walioandika: mpagazi, mpishi, mkalimani, askari. Tippu Tip alijipangia mwenyewe, na tawasifu yake ni kitabu kikubwa cha safari kwa Kiswahili, lakini mzigo aliokuwa akiufuata tunaujua. Mimi nilikuwa na hamu ya kitu kidogo zaidi. Mke na mume, begi la mgongoni kila mmoja, hakuna bwana mbele na hakuna bidhaa nyuma, na asubuhi wakiamka wanaulizana: leo tuendelee au tukae?

Mume wangu ni seremala. Watu wote wanamwita Fundi, na mimi namwita hivyo hivyo. Yeye ananiita Mwalimu hata tukiwa wawili. Fundi ni mtu wa futi kamba. Hawezi kukata ubao kwa kukisia, na nilipomwambia habari ya "leo tuendelee au tukae" alinitazama kama nimemwomba atengeneze mlango bila kupima fremu. Akasema, "Mwalimu, mtu asiyejua atalala wapi si msafiri, huyo kapotea." Tukaanzia hapo.

Nchi ya kwanza niliyoitaka mimi haikuwa Malawi. Nilitaka Msumbiji. Bibi yangu mzaa mama ni Mmakonde wa ng'ambo ya Ruvuma, wa upande wa Mueda. Tarehe 16 Juni 1960 Wareno waliwapiga watu risasi pale Mueda mbele ya ofisi ya mtawala. Mwaka 1964 vita vya FRELIMO vikaanza, na bibi, msichana mdogo, akavuka mto na mama yake na mbuzi mmoja. Kaka yake alibaki. Sisi tumekua na mwangwi wa habari hizo. Nachingwea, mwendo si mrefu kutoka kwetu, ndiko wapiganaji wa FRELIMO walikofundishwa, na Mei 1975 Samora Machel alivuka Ruvuma kuanza ile safari yake ya kushuka nchi nzima mpaka Maputo kupokea uhuru. Kama kuna nchi ya nje iliyo jirani ya sebule yetu ni hiyo. Mtanzania haombi viza. Kuna Daraja la Umoja tangu 2010. Kwenye ramani ni kidole kimoja.

Fundi hakubishana na mimi kwa maneno. Aliandika tarehe kwenye daftari lake la vipimo: 5 Oktoba 2017, Mocímboa da Praia. Oktoba 2020, Kitaya. Machi 2021, Palma. Kitaya, kwa asiyejua, haiko ng'ambo. Ni kijiji chetu, Mtwara Vijijini, kando ya mto. Wale wapiganaji walivuka wakachoma nyumba na kuua watu. Akanisogezea daftari, akaenda kupiga randa.

Nilikasirika siku mbili. Nilijua ana haki na hilo ndilo lililoniudhi. Nikaamua kumpigia bibi simu, nikitegemea atakuwa upande wangu, maana mtu aliyekatwa na kwao miaka sitini ni lazima atake mjukuu akapatazame. Nikamsalimu, shikamoo bibi, marahaba, habari za huko, tukazunguka kwenye mvua na mihogo, kisha nikamweleza. Bibi alicheka kwanza. Halafu akasema, "Mimi nilikimbia huko kwa miguu, wewe unataka kwenda kwa nauli?"

Nikamuuliza habari za kaka yake. Akasema watoto wa kaka yake walikuwa wanapiga simu, siku hizi hawapigi. Hakusema zaidi, na mimi sikuuliza. Alichoniomba ni kitu kimoja: kokote nitakakokwenda, nisiende mahali ambapo watu wanakimbia. "Si adabu," alisema. Nimelifikiria sana neno hilo. Hakusema ni hatari. Alisema si adabu, kwenda na begi lako kuangalia mto wakati wenzako wanauvuka na magodoro kichwani. Mueda ikatoka kwenye daftari siku hiyo.

Likoma ilikuja kwa njia ya Fundi, na ilinishangaza kwa sababu yeye si mtu wa vitabu. Baba yake, Mungu amrehemu, alikuwa katekista, na Fundi alikua akitumwa pale chuo cha theolojia cha Mtakatifu Cyprian, hapa hapa Rondo. Huko walikuwa wakisimulia habari za wamisionari wa UMCA waliotoka Zanzibar, wakapita Lindi, wakaenda Masasi, wakaishia kisiwani katikati ya ziwa. Fundi alikuwa amebaki na picha moja tu kichwani: kanisa kubwa kuliko kisiwa. "Nimekuwa nikijiuliza tangu mtoto," akasema, "mbao za paa waliziletaje?"

Mtu mwenye swali la namna hiyo miaka thelathini anastahili kupelekwa.

Kisiwa chenyewe ni cha kilomita za mraba kumi na nane hivi. Ukitazama ramani utaona kiko ubavuni kabisa mwa Msumbiji, katika maji ya Msumbiji, lakini ni cha Malawi, kwa sababu wamisionari wa Kiingereza walikuwa wamekwisha weka makao hapo tangu 1885 mipaka ilipokuja kuchorwa. Kanisa kuu la Mtakatifu Petro lilianza kujengwa 1903, likawekwa wakfu 1911. Na habari iliyonifanya nikubali moja kwa moja ni ya nyuma zaidi ya hapo. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, yule yule aliyekusanya hadithi za Unguja na kutuandikia sarufi, alitoka Lindi kwa miguu na kundi la watu waliokombolewa utumwani. Walikuwa wanarudishwa kwao, upande wa Nyasa. Walipofika Masasi wakakuta maji, chakula na ardhi nzuri, wakasema tumefika. Hawakuendelea. Masasi ya leo ina mizizi hapo.

Nilimsomea Fundi habari hiyo usiku, taa ikiwa inazimika. Nikamwambia, unaona? Watu walikuwa na mpango wa kufika ziwani, wakabadili njiani, na hakuna aliyesema wamepotea. Fundi akafikiri, akasema, "Hao walikuwa wanahama. Sisi lazima nikabidhi kabati la watu tarehe 25."

Ndipo mpango wetu ulipopata umbo lake. Tulikubaliana kwamba kuna misumari miwili tu: siku ya kutoka Rondo na siku ya kurudi. Katikati hakuna kilichopigiliwa, ila kila mahali tumeandika chaguo mbili, ili Fundi apate usingizi.

Njia ni hii. Tunashuka Rondo alfajiri mpaka Mtama, maana mvua ikiwa imekwisha barabara ya kushuka inapitika, na hapo tunashika lami. Masasi, Tunduru, Songea. Zamani Tunduru ilikuwa adhabu, mtumishi akipelekwa huko anaaga kama anakwenda vitani. Sasa ni lami yote. Songea tunalala, pengine mara mbili, kwa sababu mimi nataka kuona makumbusho ya Majimaji. Vita ile ilianzia kwetu huku, milima ya Matumbi, mwaka 1905, na Songea ndiko Wajerumani walikowanyonga viongozi wa Wangoni tarehe 27 Februari 1906. Mwalimu wa Lindi anayefundisha habari hiyo bila kukanyaga pale anafundisha nusu.

Kutoka Songea tunashuka Mbinga mpaka Mbamba Bay, ziwani. Hapa ndipo daftari la Fundi lilipochafuka, kwa sababu kwenye ramani Likoma iko kusini kidogo tu, unaweza kudhani utapiga mbizi. Lakini mpaka ni mpaka. Tukikuta chombo halali kinachovuka kwenda Nkhata Bay, tunavuka. Tusipokikuta, tunapanda MV Mbeya II kwenda Kyela, tunavuka kwa miguu pale Kasumulu, halafu basi: Karonga, Mzuzu, Nkhata Bay, na kutoka hapo meli ya Ilala kwenda Likoma. Ilala ni mzee, iko ziwani tangu miaka ya 1950, na ratiba yake uiamini ukishaiona meli yenyewe. Jina lake ni la mahali alipofia Livingstone, huko Zambia, ingawa Fundi anashikilia kwamba ni Ilala ya Dar na mimi nimechoka kumsahihisha.

Niseme kidogo juu ya ziwa hilo, maana hata kuliita jina ni kuchagua upande. Sisi tunaliita Nyasa na mpaka wetu uko katikati ya maji. Wao wanaliita Malawi na wanasema mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1890 uliwapa maji yote mpaka ufukweni kwetu. Kwa hesabu yao, mimi na Fundi tutakuwa tumetoka nje ya nchi tukishalowesha vifundo vya miguu Mbamba Bay, bila muhuri. Mwaka 2012 mgogoro ulipopamba moto, waziri wetu wa mambo ya nje alikuwa Bernard Membe, mtoto wa Rondo Chiponda, aliyezikwa huku huku 2023. Kwa hiyo hapa kijijini kila mzee ana msimamo rasmi juu ya ziwa ambalo hajaliona. Mmoja alinionya nisije nikaitikia nikisikia wanasema "Lake Malawi". Nimemwahidi.

Pesa. Tuna shilingi milioni moja na laki nne, ya korosho na ya meza mbili za ofisi. Pasipoti mbili ni laki tatu, na hapo tuligombana kweli. Fundi alitaka hati ya dharura ya safari, ambayo ni nafuu kwa mbali na kwa nchi jirani inatosha. Hesabu yake haikuwa na kosa. Mimi nilitaka kijitabu. Nilimwambia pasipoti ni ya miaka kumi, tutaitumia tena. Akaniuliza tena wapi. Sikuwa na jibu, nikasema popote. Akauliza, "Na tukipata mtoto kabla?" Ni mara ya kwanza mwaka huu mmoja wetu kulitamka neno hilo, na lilitoka kwenye mjadala wa ada ya Uhamiaji. Nikamwambia tukipata mtoto, naye tutamkatia.

Alikwenda nje kidogo. Aliporudi akasema sawa, pasipoti. Hatukuendelea na mazungumzo yale na sijui kama tutayaendeleza. Lakini nadhani kuna mambo ambayo nyumba yenu haiwezi kuyasema kwa sababu kila kona yake imekwisha kuyasikia mara nyingi, na labda basi la Tunduru litayaweza.

Fomu ina mahali pa kujaza sababu ya safari. Fundi alisita, akaniuliza aandike nini. Niliandika "matembezi" kwenye yangu, yeye akanakili, kwa mwandiko wake wa kuchonga.

Mama mkwe hajaridhika, ila hoja yake imehama kutoka kwa mganga kwenda kwenye maji. Yeye anajua habari ya Chauncy Maples, aliyeanzia Masasi, akawa askofu wa Likoma mwaka 1895, na mwaka ule ule, akirudi kituoni kwake, mashua ikapinduka usiku akazama na kanzu yake. Kwa mama mkwe ni kama imetokea juzi. Nami sikuweza kumtuliza kwa uongo, maana Juni ni wakati wa upepo wa kusini ziwani, na mawimbi yake si ya mchezo. Wenyeji wa huko upepo huo wanauita mwera. Sisi hapa ni Rondo, uwanda wa Wamwera, na Fundi ni Mmwera halisi. Alipolisikia hilo alifurahi kupita kiasi. Akamwambia mama yake, "Mama, upepo ni ndugu." Mama akamjibu kwamba ndugu ndio wanaozamisha.

Tumekubaliana nao hivi: upepo ukiwa mkali, hatupandi. Tunakaa Nkhata Bay, tunakula samaki, tunasubiri. Siku zikiisha kabla upepo haujaisha, tunageuza, na Fundi atabaki na swali lake la mbao. Amelikubali hilo kwa urahisi kuliko nilivyotegemea. Mimi ndiye ninayeumia nikilifikiria.

Kwa sababu kuna siku ya sita. Kwenye daftari siku ya sita haina kitu, Fundi ameiacha wazi kwa makusudi. Kutoka Likoma, ng'ambo unaona Cobué, kijiji cha Msumbiji, na mashua zinavuka kila siku na watu wa kawaida, wanaokwenda kununua na kuuza. Huko ni jimbo la Niassa; Mueda iko mbali sana, upande wa pili wa nchi, na hakuna mtu Cobué anayemjua bibi yangu wala kaka yake. Nimejiuliza mara nyingi nitavuka kufanya nini. Sina jibu la kujaza kwenye fomu. Bibi nilipomweleza alitaka kujua kama watu wa hapo wanakimbia. Nikasema hapana, wanavua. Akasema, "Basi pasalimie."

Kuhusu mizigo sina mengi. Kanga mbili, chandarua, dawa mseto, tochi, korosho kilo tatu za kula njiani na za kuwapa wenyeji, maana mtu wa kusini haendi mikono mitupu hata akienda kutembea tu. Mabegi tumeyanunua mtumbani Lindi. Langu lina jina la shule ya Wajerumani, la Fundi lina zipu moja inayofanya kazi na nyingine ameibadilisha kwa vifungo vya mbao alivyochonga mwenyewe. Jana tuliyapima kwenye mizani ya korosho. Lake kilo tisa, langu kumi na moja na nusu. Amesema nipunguze, na kwamba anajua ni vitabu. Nimetoa kimoja. Salim bin Abakari yumo kwenye simu, hana uzito, lakini kuna kingine kiko chini kabisa, kimeviringishwa ndani ya kanga, na Fundi hajakiona.